Gunia la Makumbi

Makumbi ya nazi yakishazikwa miezi kwenye tope la pwani, siku ya kuyafukua hutoa harufu ambayo mgeni akiinusa huuliza nani kafa. Sisi tuliolelewa nayo hatuulizi. Juzi nilikuwa napita ufukweni Mlingotini, wanawake wawili wamepiga magoti kwenye tope wanafukua, na harufu ile ikanivaa uso mzima. Mwenzangu niliyekuwa naye alijiziba pua kwa ncha ya mtandio. Mimi nilisimama, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimekunja ngumi, mguu wa kushoto mbele, kidevu ndani, katikati ya njia, mtu mzima mimi na kikapu changu kikining'inia kwenye kiwiko. Mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Siumwi, wenzangu. Nilimkumbuka tu kaka yangu Shomari na ule mwaka aliotaka kwenda jeshini.

Mama yetu alikuwa mpiga makumbi. Akishayafukua huyaponda kwa kigongo mpaka yanabaki nyuzi, huzianika, kisha husokota kamba. Baba alifariki nikiwa sijaota meno ya pili, kwa hiyo kamba zile ndizo zilizotulisha, zikatuvisha na kutusomesha. Mama alikuwa na mikono mikavu, myepesi, na alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto isipokuwa kula. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimuudhi hakugombi, anaponda makumbi kwa nguvu zaidi, na wewe huko uliko unajua unayepondwa ni wewe.

Shomari alipomaliza kidato cha nne akasema anataka jeshi. Mama aliponda makumbi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kijana wa kwetu anaweza kufunga begi akaondoka, hakuna atakayemshika shati, lakini kuondoka bila radhi za mama ni jambo ambalo hata wahuni wa kijiweni hawalichezei. Shomari naye hakuwa muhuni. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye haya, hata kuku alikuwa hawezi kumchinja bila kwanza kumwomba radhi.

Jioni mama akamwita, nami Tatu, mdogo wake, nikiwa pale pale nachambua mchicha.

"Sikukatalii, baba," alimwambia. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita, baba. "Mwite mjomba wako akufundishe ngumi, kama za kambini. Siku mjomba wako atakaponiambia mikono yako inaiweza kazi ile, nitakupa radhi zangu na dua juu. Lakini siku utakayoishusha mwenyewe ukasema imetosha, basi na tusilizungumze tena."

"Nimekubali, mama," alisema Shomari.

Mjomba Kibwana, mdogo wake mama, alikuwa askari mstaafu aliyekuwa akilima mihogo Zinga. Enzi zake alipigana ndondi kambini, na ngumi za watu zilikuwa zimemuua sikio la kushoto. Ukitaka akusikie unamwendea upande wa kulia. Watu wa nyumbani walidai kwamba sikio lile lilikuwa likifa zaidi pale anapoulizwa jambo asilotaka kulijibu. Alikuja na baiskeli, na jozi ya glovu ambayo panya walikuwa wamekwishaila upande mmoja.

"Hizi za kutazama tu," alisema. "Mkono tutaufunga matambara. Dada, nitafutie gunia na kitu cha kulijaza."

Mama, ambaye tangu jambo lile lianze hakuwa amelisemea neno jema, akasema gunia atalijaza yeye. Akaliingiza ndani pamoja na makumbi yake, akafunga mlango. Lilipotoka lilikuwa limeshiba, limeshonwa mdomo kwa kamba yake mwenyewe, likinuka tope. Nilifurahi sana, nikadhani mama amelegea. Mjomba na Shomari walisaidiana kulitundika kwenye mkorosho wa uani, na tawi likainama.

"Dada, gunia hili zito," alisema mjomba.

"Makumbi hayajakauka," mama alijibu.

Mjomba alimtazama kidogo, kisha akageuza lile sikio bovu upande wake, akaanza kumfunga Shomari matambara.

Mafunzo yalianza baada ya sala ya alfajiri. Kwanza mbio, pembezoni mwa maji mpaka upande wa Mbegani na kurudi, kwenye mchanga unaodidimiza miguu. Kisha pushapu, kisha kuruka kamba, na kamba hatukuikosa. Mimi nilikuwa darasa la sita, nimejaa kuliko umri wangu, na mjomba aliponiona nimekodoa macho akanipa kazi. Akanivalisha kandambili mikononi, nyayo zikiangalia nje, na Shomari akawa ananipiga humo. Kushoto, kushoto, kulia. Nilirudi nyuma kila ngumi, lakini sikuanguka. Mjomba akinizunguka anapiga kelele, "Tatu, usifumbe macho! Anayefumba macho anapigwa na mtu asiyemjua!" Nikienda shule viganja vimevimba, namwambia mwalimu nilikuwa natwanga.

Kupiga kandambili ilikuwa raha. Tabu ilikuwa kwenye gunia. Mjomba alimfundisha kusimama, kugeuza kiuno, kutoa pumzi pamoja na ngumi, na ngumi ya kwanza aliyoipiga vizuri, Shomari alijikunja akauweka mkono kwapani. Gunia halikusogea. Wiki haikuisha matambara yakawa yanatoka na damu. Ngozi ya vifundo ilichubuka, ikaota, ikachubuka tena. Nilikuwa nimewaona vijana wa Mbegani wakipiga gunia lao, linayumba na kurudi kwa ustaarabu. La kwetu lilikaa tu pale linamngoja.

Kila jioni mama alichemsha maji, akatia chumvi, akayapoza mpaka yakawa ya kuvumilika. Akaketi na Shomari kwenye mkeka, akamzamisha mikono kwenye beseni, akaikanda taratibu kidole kwa kidole. Alikuwa akiikanda kwa huruma kiasi kwamba mimi nilikuwa naona wivu. Akimaliza humuuliza swali moja.

"Imetosha, baba?"

"Bado, mama."

Basi. Hapo tunakula. Nilikuwa nakichukia kile kimya cha baada ya hapo kuliko damu yenyewe. Nilikuwa namwombea Shomari ashinde, na usiku ule ule nikimwona mama amelala amekunja uso, namwombea mama ashinde. Sijui Mungu alinielewaje.

Jumapili moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta Shomari peke yake uani. Alikuwa amelishusha gunia, amelilaza mapajani, analishona mdomo kwa mshipi wa kuvulia samaki. Alikuwa hajui kushona. Mshono ulikwenda upogo, mara karibu mara mbali, na sindano ilikuwa imemchoma kwenye kidonda.

"Mshono umeachia," alisema bila kuniangalia. "Nishikie hapa, Tatu."

Nilimshikia. Nilimuuliza kwa nini asimpe mama, fundi yupo ndani. Akasema mama amechoka. Tukalitundika, na kesho yake alfajiri akaanza kulipiga upya. Nakumbuka kwamba tangu siku hiyo hakujikunja tena. Alikuwa akipiga akiuma meno, machozi yanamtoka, lakini hajikunji, na hata mjomba akaacha kupiga kelele.

Usaili wa vijana wilayani ukakaribia. Huko wanakimbizwa, wanapimwa, wanaangaliwa mwili mzima, na mjomba alitueleza wazi kwamba kijana mwenye mkono ulioumia anarudishwa nyumbani. Mkono wa kulia wa Shomari ulikuwa umeanza kuvimba. Hakuweza kufunga vifungo vya shati, nikawa namfunga mimi, na tulikuwa tukijificha chumbani ili mama asione. Sasa nilikuwa naogopa kwa kweli. Akipumzika, mama atasema imetosha. Asipopumzika, mkono utakwenda, na wale wa usaili watasema imetosha.

Mjomba akaamua jambo limalizwe. Ijumaa alasiri, raundi tatu kwenye gunia, mama akiwepo. "Akimaliza bila kushusha mikono, dada, mimi nasema anaweza. Akishusha, nampandisha baiskeli tukalime mihogo."

Mama alikuja amejifunga kanga kiunoni, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Mimi nilishika saa ya mjomba. Raundi ya kwanza Shomari alikwenda vizuri, miguu myepesi, ngumi zimenyooka. Ya pili matambara yakaanza kubadilika rangi. Mapumzikoni nilimpa maji akasukutua, akatema. Mama alikuwa ameishika ncha ya kanga anaizungusha kidoleni, anaifungua, anaizungusha.

Raundi ya tatu alianza kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake.

"Wa kulia!" mjomba alifoka. "Adui hakuulizi mkono gani unauma!"

Akapiga wa kulia. Nilisikia sauti iliyomtoka kifuani. Akapiga tena, na tena, na mimi nikaiangalia saa kwa kuichukia, ule mshale haukutaka kwenda. Mama alikuwa amesimama, sikumwona aliposimama. Alikuwa amefungua mdomo, na mpaka leo naamini alikuwa anataka kusema basi. Hakuwahi. Ngumi iliyofuata ilipasua gunia ubavuni.

Makumbi yalitoka kwanza, kidogo. Kisha katikati yake kikachungulia kifuko cha kitambaa cha kanga kuukuu, kimechanika, na mchanga ukaanza kumwagika. Mchanga wa pwani, mweupe, ulimwagika mpaka ukafanya kichuguu chini ya mkorosho. Mjomba aliutazama mchanga, kisha taratibu akainua macho kumtazama dada yake. Mama alikuwa amekauka pale alipo, uso hauna damu.

Shomari alikuwa bado ameinua mikono.

"Samahani, mjomba," alisema huku anahema. "Mchanga niliutia mimi. Nilitaka mikono ikomae upesi. Tatu shahidi, aliniona nashona kwa mshipi."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimemwona kweli. Nikasema, "Ndiyo, nilimwona," na moyoni nikamwona kaka yangu ni mwendawazimu kamili, mtu anayejitilia mchanga mwenyewe. Mjomba akaligeuza lile sikio bovu kwetu sote, akaokota baiskeli yake.

"Hakushusha mikono," alisema. "Mimi nasema anaweza. Mpumzishe mpaka usaili, dada."

Shomari alimwendea mama, akapiga magoti mbele yake kwenye mchanga ule ule. "Mama, naomba radhi zako." Mama alimwekea mikono yote miwili kichwani. Alitaka kuomba dua, maneno yakakataa kutoka, akalia kwa sauti mpaka jirani akachungulia uani. Mimi nikadhani analia kwa sababu mtoto anaondoka. Nililia na mimi, kwa kumfuata tu.

Mkono ulipona kwa wakati, akakubaliwa, akaondoka. Mimi kile kifuko cha kanga nilikishona palipochanika, nikakifua, nikawa natilia komwe zangu za kuchezea. Nilikaa nacho miaka. Nilipokuwa Bagamoyo mjini najifunza ushonaji, nikawa natilia vifungo. Siku moja kilifumuka, nikakaa chini nikirekebishe, na kwa mara ya kwanza nikauangalia ule mshono wa zamani kwa macho ya mtu anayejua kushona. Ulikuwa mshono mzuri, wa karibu karibu, umenyooka. Na nyuzi zote zilikuwa zimelalia upande ambao hulalia zikishonwa na mtu wa mkono wa kushoto.

Vifungo vilinimwagika sakafuni. Nilirudi nyumbani jioni ile, nikamkuta mama anasokota kamba, nikakiweka kile kifuko mbele yake. Alikitazama, akaendelea kusokota.

"Nilidhani atachoka," alisema. "Nilijua jeshi lina nidhamu, lina mshahara, lina heshima. Nilijua yote hayo. Nilikuwa siwezi tu kubaki bila yeye."

"Na yeye alijua?"

"Alilifungua gunia akaona. Angeweza kuutoa mchanga, mimi ningesema nini? Akaurudisha ndani akashona." Hapo mikono yake ikasimama. "Mwanangu alinisitiri mbele ya mdogo wangu, na mikono inamtoka damu."

Nimefikiri sana juu ya ile Jumapili, mimi nikilishikilia gunia na yeye anashona upogo. Kumbe alikuwa anaurudisha uongo wa mama mahali pake ili mama asijue kwamba umeonekana, na kesho yake akaamka kwenda kuupiga. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, nikaona mshipi tu.

Shomari sasa ni mkubwa kazini, ana tumbo kidogo, ana watoto wanaomshikia adabu. Kila akija likizo, jioni ya kwanza mama huchemsha maji, akatia chumvi. Zamani nilikuwa nawacheka, namwambia mama huyu hana kidonda, unakanda nini? Siku hizi nawaletea beseni mwenyewe. Mama huuchukua mkono wa kulia kwanza, akaukanda kidole kwa kidole, na kaka yangu humwachia mikono yake mizima mpaka maji yapoe.