Wamaitha Wawili

Wanjugu hakuzaliwa mkali, na anayekuambia hivyo hakumjua. Alifanywa mkali. Ukimchokoza mtu mwaka nenda mwaka rudi, halafu ushangae siku anapokurukia, mwenye makosa ni nani?

Aliolewa na Nderitu akiwa mke wa pili, akaletwa kwenye shamba la mzungu mmoja huko juu, ng'ambo ya Njoro. Vibarua walimwita mzungu huyo Kipara, kwa sababu kichwani hakuwa na unywele hata wa dawa. Aliyefyeka msitu wa lile shamba ni baba yake Nderitu, wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu. Alizaa hapo, akazika hapo, naye akazikwa hapo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza, wakalima miaka thelathini na zaidi, na bado waliitwa wageni. Maskwota, ndilo jina walilopewa.

Na sheria za kukaa hapo zilikuwa hazikauki wino. Wanjugu alipoolewa, skwota alimfanyia mwenye shamba kazi siku mia moja na themanini kwa mwaka, siku zilizobaki akalima kipande chake na kuchunga mbuzi wake. Zikawa siku mia mbili na arobaini. Zikawa mia mbili na sabini. Mbuzi wakapigwa marufuku, wakaambiwa wafuge kondoo tu, na kondoo wenyewe wasizidi kumi na tano. Ekari tano za Nderitu zikapimwa upya kwa kamba, zikarudi ekari moja na nusu. Kila mara ni Kimaiyo, karani wa shamba, aliyesimama mbele ya ghala kuwasomea barua huku anaangalia viatu vyake. Kimaiyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo wa kuajiriwa, basi.

Na kila mara Nderitu alisema lile neno lake: mwenye nguvu mpishe. Wanjugu alilichukia hilo neno. Alikuwa akiinama kwenye pareto tangu umande haujakauka, anachuma yale maua meupe mpaka vidole vinabadilika rangi, na kichwani anajibizana na mumewe: tumpishe twende wapi? Tumempisha tumefika ukutani.

Basi mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na moja ikasomwa barua nyingine. Kuanzia mwaka ujao, ile ekari moja na nusu ingekuwa nusu ekari. Nusu ekari kwa wake wawili na watoto wanne! Jioni hiyo Wanjugu ndiye aliyesema, si Nderitu. Alisema wahame, na wasihamie shamba la mzungu mwingine wakasomewe barua zilezile. Watoke nchi hii kabisa. Nderitu alikuwa na rafiki waliyetahiriwa pamoja, ambaye alihamia Tanganyika, mbele ya Arusha, na alishaandika barua mbili kwamba huko jumbe anagawa ardhi na hakuna anayehesabu mbuzi wa mwenziwe. Wachuka, mke mkubwa, mama mpole wa maneno machache, alitikisa kichwa kukubali. Wakakata shauri waende na wasirudi.

Lakini hata kuondoka kulikuwa kumeshatungiwa sheria. Zamani ulifunga mzigo ukaenda zako. Sasa ilitakiwa karatasi ya ruhusa, yenye jina la kila mtu wa nyumba; asiyeandikwa havuki. Wote walioandikwa, mwenye shamba aliwafuta kwenye kitabu chake, na akishawafuta hawana haki ya kulala hapo hata siku moja. Na ruhusa zenyewe zilikuwa zinafungwa mwisho wa Agosti, kwa sababu Tanganyika nako walikuwa wamechoka kupokea watu.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililowamaliza. Kwetu mtoto haokotewi jina. Binti wa kwanza ni wa mama ya baba, na kila mke humzalia mume wake mama yake. Mama yake Nderitu aliitwa Wamaitha. Wachuka alipozaa msichana, akaitwa Wamaitha. Mwezi mmoja baadaye, mwaka uleule wa njaa ya muhogo, Wanjugu akazaa msichana, na huyo pia akaitwa Wamaitha. Angeitwa nani mwingine? Nderitu mwenyewe hakuwaita kwa jina. Aliwaita mama, mmoja na mwenziwe, na wote wawili walikimbia kumpokea jembe alipotoka shambani. Wachuka alikuwa na wavulana wawili tena. Wanjugu, Mungu alimpa huyo mmoja tu, akafunga mlango.

Nderitu akaenda mjini Nakuru peke yake kuandikisha watu wake. Akarudi na karatasi yenye mhuri, amefurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. Wakampelekea Kimaiyo awasomee. Kimaiyo akasoma, akarudia kimoyomoyo. Kisha akawaambia kwamba watu walioandikwa ni sita. Jina la Wamaitha liko mara mbili, lakini la pili limepigwa mstari.

Wanjugu hakuuliza ni la mtoto wa nani. Alikuwa wa mwisho kuolewa, na wa mwisho ndiye anayefutwa.

Asubuhi yake alimwosha mtoto wake, akamwomba Wachuka yule mwingine, akawashika mkono wote wawili, akamwambia Nderitu atangulie njia. Wakafika kwenye ile ofisi ya ruhusa jua likiwa utosini. Karani alikuwa kijana mwenye tai, mtu wa mbali asiyejua mila zetu wala asiyetaka kuzijua. Aliwaeleza pasipo kuinua macho kwamba alikuwa amewasaidia. Mzee alirudia jina la mtoto kwa usahaulifu, jina lilelile, baba yuleyule, mwaka uleule, naye akalikata ili karatasi isikataliwe mpakani. Nderitu akamwonyesha wasichana wawili, wamesimama mbele yake, kila mmoja na pua yake na macho yake. Karani akasema hakuna baba mwenye akili anayewapa watoto wawili jina moja, na kwamba anawajua watu wanaochukua watoto wa majirani na kuwavusha kwa karatasi za watoto wao. Anayetaka kuongeza mtu alete barua ya chifu wa kwao alikozaliwa. Kwao wapi? Mtoto alizaliwa kwenye shamba la Kipara, na hapo hapakuwa na chifu.

Wanjugu alikuwa anatafuta jinsi ya kueleza jambo hilo pole pole, kama unavyomweleza mtoto. Lakini Nderitu, kwa woga wake, akaona njia ya mkato. Akasema, "Basi bwana, huyu mdogo mwandike Nyambura."

Karani akaweka kalamu chini, akacheka. Akamwita mwenziwe wa meza ya pili aje asikie. Mtu amekuja kuapa kwamba mtoto ni Wamaitha, na sasa anaitwa Nyambura. Kesho ataitwa nani? Shida ya Nderitu ni hiyo: maisha yake yote alimpisha mwenye nguvu, na siku hiyo akamwachia mpaka jina la mama yake mzazi. Uongo mmoja mdogo, wa kumpendeza karani, ukageuza ukweli wao wote kuwa uongo.

Hasira iliyompanda Wanjugu hapo, hata leo wanaomkumbuka wanaizungumza. Hakupiga kelele. Aliongea taratibu, na watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea wasikie.

"Mtoto wa mwenzangu," alimwambia yule karani, "mbuzi wetu mlichukua, tukanyamaza. Siku zetu mlichukua, shamba mkachukua, tukanyamaza. Hili jina ni la mwanamke aliyelala chini ya udongo ambao bwana wako anaulima. Hilo hutalichukua. Na wewe, baba Wamaitha, usimpe tena mtu kitu ambacho si chako."

Karani akamjibu mumewe, kana kwamba yeye Wanjugu ni kiti. Ruhusa ni ya watu sita. Mmoja wa wasichana hawa aende, mmoja abaki. Achague hapo hapo, ataje umri vizuri, foleni ni ndefu.

Nderitu aliwatazama wale watoto. Mama na mama. Kidole chake kikaenda kwa wa Wachuka.

Njiani alijitetea sana. Mkubwa ni mkubwa, alisema, hata kwa mwezi mmoja. Yeye angetangulia na wengine, ashike ardhi, kisha arudi kumchukua mdogo pamoja na mama yake. Na kama mpaka umefungwa? Angeona la kufanya. Wanjugu alimbeba mtoto wake mgongoni kutoka mjini mpaka Njoro, msichana wa miaka minane mwenye miguu yake, na mtoto mwenyewe akaona aibu akaomba ashushwe, lakini hakushushwa.

Siku ya kuondoka walikwenda stesheni ya Nakuru wote, kwa sababu nyumba zilikuwa zimeshabomolewa. Kipara hakungoja hata waondoke. Trekta ilipita kwenye viazi vyao wakiwa bado wanafunga mizigo. Askari wa langoni akachukua karatasi, akaita majina, akahesabu vichwa. Alipoita Wamaitha, wasichana wakaitika wote wawili, wameshikana mkono. Askari akasema anamtaka mmoja.

Wanjugu akamvuta wa kwake pembeni. Hakulia. Alikuwa amekasirika kupita mahali machozi yanapokaa. Akainama akainua kiondo chake, akageuka aende asikojua, na hapo akasikia mzigo unatupwa chini nyuma yake, pu! Ni Wachuka. Yule mpole, yule wa maneno machache, ambaye mtoto wake ndiye aliyechaguliwa, ambaye angeweza kunyamaza tu apande gari la moshi.

"Wamaitha hakatwi nusu," Wachuka alimwambia Nderitu. "Umemwacha mmoja, umewaacha wote."

Akamshika binti yake, akawaita wavulana, akasimama upande wa mke mwenza. Wanjugu alikuwa amemkasirikia Wachuka wiki nzima, bure, kwa moyo wa kudhani tu. Aliona haya, na haya hiyo ikaongeza hasira kwa wale waliostahili.

Nderitu alisimama kati ya lango na wake zake. Filimbi ikapigwa. Aliitazama karatasi, na tarehe yake, na mhuri wake. Akapanda. Akapunga mkono dirishani, akaahidi kuandika.

Wanawake wawili na watoto wanne walirudi Njoro kwa miguu, wakafika kesho yake mchana. Kipara aliwakuta wamekaa kwenye udongo uliolimwa. Akamwita Kimaiyo na kitabu, akamwambia awaonyeshe kwamba wamefutwa, wametoka nchini kwa hiari yao, wakaingia Tanganyika, na mtu aliye Tanganyika hawezi kukaa kwenye shamba lake. Kimaiyo akafungua kitabu. Nderitu, mstari. Wachuka, mstari. Wanjugu, mstari. Wavulana, mistari. Wamaitha, mstari.

Kisha akaganda. Kitabuni aliwaandika wasichana wote wawili, kwa sababu yeye aliwajua: Wamaitha wa Wachuka, Wamaitha wa Wanjugu. Ruhusa ya mjini ilifuta watu sita, naye alifuta sita. Wa saba hakuguswa. Katika nyumba nzima ya Nderitu, mwenye haki ya kukaa kwenye lile shamba alikuwa yule mtoto wa miaka minane aliyekatwa.

Mara hii Kimaiyo hakuangalia viatu vyake. Alimsomea Kipara jina hilo kwa sauti, na akamkumbusha kwamba aliyemo kitabuni hafukuzwi kabla ya mwaka mzima kutimia. Kipara akawaka. Akauliza ni nani atakayezifanya zile siku mia mbili na sabini kwa jina la mtoto.

"Mimi," akasema Wanjugu.

"Na mimi," akasema Wachuka.

Kipara alifikiri kidogo, na ule ubahili wake ukamshinda hasira. Wanawake wawili kwa posho ya mmoja, nani angekataa? Ndivyo ilivyokuwa. Walijenga kibanda kimoja, wakalima ile nusu ekari ya sheria mpya. Kila asubuhi, majina yakiitwa mbele ya ghala, Kimaiyo aliita "Wamaitha," na wanawake wawili wazima wakaitika pamoja, kwa sauti ya kumtoboa Kipara masikio huko barazani kwake.

Barua ya Nderitu ilifika mwezi wa Desemba. Alikuwa amepata ekari nane, mvua ilikuwa nzuri, alikuwa na mbuzi. Lakini mpaka ulikuwa umefungwa, na alipokwenda kuwaombea ruhusa mpya aliambiwa haiwezekani, kwa sababu karatasi yake ilikuwa ya watu sita, na kwa vitabu vyao wake zake na watoto wake walishaingia zamani. Aliuliza afanye nini. Aliuliza pia mama hajambo, na mama mwingine hajambo.

Kimaiyo alimaliza kusoma, akachukua kalamu, akawauliza wanawake ajibu nini. Wachuka akamtazama Wanjugu. Wanjugu alikuwa anakuna rangi ya pareto kwenye vidole, na hakuacha kukuna.

"Mwandikie tulifika salama," alisema. "Karatasi anayo mwenyewe. Atafute mtu amsomee."