Baba mkwe, jino na nguruwe pori

Leo nimesali mezani zaidi kuliko ninavyosali kanisani.

Mara ya mwisho nilipompelekea baba mkwe nyama ya nguruwe pori kule kijijini kwake, Kate, alitafuna kipande cha risasi. Jino likavunjika!

Kosa langu. Nilitumia risasi laini zenye kasi kubwa. Ukipiga kwa karibu, ikigonga mfupa inasambaratika, vipande vinatapakaa kwenye nyama.

Safari hii nimechagua za shaba tupu. Hizo hata ziende kasi vipi, zinachanua mbele tu, hazivunjiki. Wakati wa kuchuna niliikuta risasi begani mwa nguruwe, nzima. Nikaiosha, nikaitia mfukoni.

Sasa mezani. Mzee anatafuna polepole, ukoo mzima unamtazama mdomo.

Ghafla akasita. Akaingiza vidole mdomoni.

Wenye wakwe mnanielewa? Jasho lilinitoka mpaka mgongoni!

Akatoa kijifupa.

Nikashusha pumzi, nikamwekea ile risasi mkononi. "Baba, iko hapa, yote."

Akaigeuzageuza, akacheka mpaka pengo likaonekana.

"Hii ndiyo ungekuja nayo siku ya posa."