Krusedi Niliyoitafsiri Mimi

Nyumbani kwetu Changamwe mimi ndiye niliyejua Kiingereza, na nilihakikisha hakuna anayesahau. Baba alikuwa na cha bandarini, cha kutaja magunia na kuitikia amri. Mimi nilikuwa na cha darasani. Barua ikija naisoma mimi. Chupa ya dawa ikinunuliwa, maandishi yake nayaeleza mimi, na neno nisilolijua nalibuni bila kupepesa jicho. Bibi, mama yake baba, mwenye nyumba yake, aliniamini kabisa. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, chumba cha uani alikipanga kuli mmoja wa bandarini kutoka bara, pamoja na mkewe. Mume alikuwa mtu wa zamu, tulimwona akitoka na kurudi tu. Tuliyeishi naye ni mke. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na sauti yake ilikuwa ya kwaya hata akiomba chumvi. Kila asubuhi alimwamkia bibi shikamoo, bibi akaitikia marahaba, naye akajibu tena asante, mimi nikaangua kicheko nyuma ya mlango. Alinisuka nywele kila Jumapili akitoka kanisani, na hakunivuta hata mara moja. Nilimpenda mno, ingawa nilimcheka.

Wakati huo shuleni, ng'ambo ya Makupa, mwalimu wetu wa historia alikuwa amefika kwenye Vita vya Msalaba. Kwa Kiingereza vita hivyo vinaitwa krusedi. Mwalimu alikuwa mwanamke wa Kizungu, mpole, naye alivisimulia kana kwamba anasimulia harusi ya jamaa zake. Papa alitangaza, watu wakaweka nadhiri, wakashona msalaba wa kitambaa begani ili ijulikane wamekwisha apa. Aliyekwenda aliahidiwa kusamehewa madhambi yake. Aliyeapa kisha akabaki nyumbani alionekana si mwanamume. Mapadri walibariki panga, mabwana waliwaachia wake zao mashamba na ngome, na hata wakulima wasio na farasi walitoka kwa miguu kuelekea Yerusalemu. Nilikasirika. Yerusalemu hiyo kwetu ni Baitulmukadis, na waliouawa huko walikuwa wakisali kama bibi yangu. Mwalimu alisema mambo hayo yaliendelea karibu miaka mia mbili, kisha akafuta ubao.

Jumanne moja nilirudi nikamkuta mpangaji wetu uani, kaketi mkekani, miguu kainyoosha kwa uzito wa tumbo. Mbele yake palikuwa na rundo la blauzi nyeupe. Alikuwa anazishonea misalaba myekundu begani.

"Dada, washona nini?"

"Ni ya krusedi," akasema, akinionyesha kwa furaha. "Jumamosi, hapo Magongo. Watu watakuja wengi sana, wengine kwa lori."

Nikaingia ndani mbio. Bibi alikuwa anashona kofia, kazi aliyosifiwa nayo Changamwe nzima.

"Bibi, wajua krusedi ni nini? Ni vita. Wazungu walivaa misalaba myekundu wakaenda Baitulmukadis kuua Waislamu. Na huyu wa uani yuwaishona. Nimehesabu, ni arobaini."

Miezi ile kila baraza lilikuwa na neno lake kuhusu Mwambao, kama tutabaki na Sultani au tutakwenda na watu wa bara, na kila mtu alikuwa ametega masikio. Bibi akaiweka kofia chini.

"Umeyaona kitabuni hayo?"

"Kitabuni, bibi."

"Basi Ijumaa isimkute hapa."

Baba aliporudi alijaribu. "Mama, yule ana mimba."

"Mimba haikumzuia kushona," bibi akamjibu, na mjadala ukafungwa.

Nilijivuna usiku mmoja tu. Asubuhi mpangaji alimwamkia bibi shikamoo kama kawaida, na bibi akapita. Yule mama akabaki amesimama na ndoo yake, anangoja marahaba. Nikaanza kuwaza atakwenda wapi na tumbo lile, na nani atamwita mume wake zamuni uchungu ukimshika.

Alhamisi, kwenye kipindi cha historia, nikanyoosha mkono nikauliza kama krusedi zingali zipo mpaka leo. Mwalimu akacheka. Zipo tele, akasema. Siku hizi mtu akianzisha kampeni ya kuua mbu, naye anaiita krusedi. Na watu wa kanisa wakifanya mkutano wa nyimbo, mahubiri na kuwaombea wagonjwa, ni krusedi hiyo hiyo. Panga limetoka, neno limebaki. Nilihisi nimetuliwa gunia mgongoni. Kisha nikakumbuka kwamba kesho ni Ijumaa.

Nilifika nyumbani nikamkuta amekaa juu ya sanduku lake, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Bibi alikuwa mlangoni pa uani.

"Mimi nimekosea nini, Mama?" mpangaji alikuwa anauliza. "Mniambie tu."

Nikayasema yote pale pale, mbele yao wawili. Nilisema neno lilikuwa na maana mbili nami niliijua moja. Nilisema mkutano ni wa nyimbo na sala, na hakuna atakayeuawa Magongo. Nikalia.

"Mbona hukumuuliza mwenyewe?" bibi akasema.

"Hata wewe bibi hukumuuliza."

Nilingoja kofi. Halikuja. Bibi alimtazama yule mama aliyeketi juu ya sanduku, akatazama kamba ya godoro, akaketi mkekani taratibu.

"Niletee hizo blauzi," akaniambia.

Akaigeuza ya kwanza, akaipekua, uso ukamkunjamana. "Nani aliyekufunza pindo, mwanangu? Zitafumuka wimbo wa kwanza haujesha." Kisha akasema, "Misalaba yenu siishiki, mutanisamehe. Lakini pindo n'tashona mimi."

Yule mama akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nikafungua kamba ya godoro kwa meno, kwa sababu fundo lilikuwa gumu na sikutaka kumngoja mtu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kazi niliyopewa kama adhabu, maana bibi aliniamuru nitie nyuzi sindanoni mpaka magharibi.

Walipokuwa wakishona, bibi aliniuliza wale Wazungu wa zamani misalaba yao walishonewa na nani. Nikasema kitabu hakisemi.

"Mama zao," akasema bibi. "Na wake zao."

Jumamosi kwaya ilipita mbele ya nyumba yetu ikielekea Magongo, na bibi alisimama mlangoni akikagua pindo, si nyimbo. Wiki tatu baadaye mtoto wa kike alizaliwa chumba cha uani, na bibi ndiye aliyempokea. Ilikuwa imebaki blauzi moja, msalaba wake ulikwenda upande na yule mama akaufumua. Bibi alimviringisha mtoto kwa hiyo. Pindo lilikuwa la mkono wa bibi, na begani matundu ya sindano yalikuwa bado yanaonekana.