Mbuzi Aliyerudi Ndani ya Mkate

Kwetu Rumonge, ukingoni mwa ziwa, sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na pilau itarudi na maandazi, ikija na ndizi itarudi na ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, na hata kama jikoni umebakiwa na vitunguu viwili, kimoja kitapanda sahani. Lakini kuna jambo moja lisilofanywa kabisa, nalo ni kumrudishia mtu chakula chake mwenyewe. Hapo unakuwa umemwambia usinipikie tena mpaka tuzikane. Haya nayajua tangu sijaota meno ya pili. Nayataja mapema ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Jirani yangu ni mwanamke mwenzangu, yeye Mkristo, mimi Mwislamu, na kati ya ua wake na wangu kuna ukuta wa matofali unaonifika kiunoni. Yeye alikulia ukimbizini Tanzania, akarudi mtu mzima na Kiswahili kilichonyooka kama shati la mwalimu. Mimi ni wa hapa hapa mjini. Kwetu mbuzi iko, mutoto iko, Mungu naye iko, na tunaelewana vizuri tu.

Kwa miaka kumi na moja sahani zilipita juu ya ukuta ule. Siku ya Idi zilitoka kwangu, siku ya Noeli zilitoka kwake. Na kwa kuwa sisi hatuli nyama isiyochinjwa na Mwislamu, kila asubuhi ya Noeli jirani alikuwa anamwita mume wangu achinje. Mtaani kwetu Wakristo wengi hufanya hivyo, ili mgeni asije akakaa mbele ya karamu akitafuna ndizi peke yake. Mume wangu siku nyingine zote anauza ndagala sokoni kwa sauti ya mgonjwa. Siku hiyo ananoa kisu, anavaa kofia, anatembea kama gavana.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya Noeli hii ninayoisimulia, mbuzi wa jirani alikula kitenge changu. Kilikuwa kipya, cha harusi ya binti ya dada yangu, nimekifua mara moja tu kitoe gundi, nimekianika. Nilipotoka jikoni nilimkuta mbuzi amesimama juu ya ukuta, pindo lote liko mdomoni, ananitazama usoni bila haya.

"Mbuzi yako imekula kitenge yangu!" nilipiga kelele.

Jirani akatoka mbio, akatazama. "Mbuzi wangu amekula kitenge chako? Yoo! Pole sana, jirani."

Hiyo pole mimi sikuisikia. Nilichosikia ni kwamba ananisahihisha, huku nguo yangu iko tumboni mwa mnyama wake. Nikapandwa na hasira, na mimi nikikasirika mdomo unatangulia, akili inafuata baadaye ikiwa imebeba viatu mkononi. Nikamwambia hata mbuzi wake hakufundishwa adabu, ndiyo mambo ya watu waliokulia kambini.

Jirani alimshika mbuzi sikio, wakaingia ndani wote wawili. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Mimi nilijua nimesema neno baya, lakini kuomba msamaha sijui kunanikwama wapi. Nilijiambia yeye ndiye aanze, kwani mwenye mbuzi ni nani?

Noeli ikafika. Alfajiri mume wangu aliniambia anakwenda pwani kutazama kama mitumbwi imeleta mukeke. Akarudi saa mbili, kanawa mpaka viwiko, hana samaki hata mmoja.

"Umeenda pwani mikono mitupu, umerudi mikono mitupu?"

"Samaki hakuna leo," alisema, akaingia kulala.

Nilikaa uani nikisubiri jirani aite. Sikio langu lilikuwa upande wa ukuta tangu asubuhi. Hakuita. Saa nne nikasikia harufu ya nyama inakaangwa kwake, moyo ukaniuma, nasema kweli. Miaka kumi na moja, na safari hii amemwita mtu mwingine achinje. Au hakuita mtu.

Jioni nikamsikia anakohoa ukutani. Kuchungulia dirishani, nikamwona anaweka sahani juu ya matofali, ile yake kubwa yenye maua, imefunikwa kitambaa alichodarizi mwenyewe. Akakohoa tena, akaondoka. Nilikwenda kuichukua nikiwa nimeshaanza kutabasamu. Nikaifunua mezani: wali, ndizi za kukaanga, na nyama ya mbuzi kilima kizima.

Tabasamu likanitoka.

"Nani amechinja?" nilimuuliza mume wangu.

Akafungua mdomo. "Unajua, mama watoto..."

"Najua sana! Ameniletea kitu anachojua siwezi kula. Ananicheka huyu. Anataka nikae hapa ninuse!"

"Lakini sikiliza kidogo..."

"Nyamaza!"

Akanyamaza, akitazama ile nyama kama mtu anayeaga ndugu stendi. Baadaye, nilipokuwa naifungia kabatini, alijaribu tena. "Ile nyama, mimi nadhani..." Nikamwambia asidhani. Mara ya tatu alianza kwa kukohoa tu, nikamtazama, kikohozi chenyewe kikapona. Tulikula wali wetu mkavu na chai.

Asubuhi niliamka hasira ikiwa imelala vizuri na imepata nguvu. Sahani ilikuwa bado kwangu. Kurudi lazima irudi, na tupu hairudi. Nyama siwezi kula, na kutupa chakula ni dhambi kwake na kwangu. Ndipo shetani akanipa wazo, tena wazo zuri la mapishi. Nilimrudishia mbuzi wake! Ila si hivi hivi, nilimrudishia kwa ufundi, ili ajue kwamba upande huu wa ukuta anaishi mtu anayejua kupika.

Nilipomtembelea binti yangu Bujumbura aliwahi kuninunulia sandwichi ya moto. Wanapasua mkate, wanajaza viporo vya nyama, wanaubana kwenye mashine ya chuma mpaka unakuwa bapa, nje unavunjika mdomoni, ndani unateleza. Nilikula mbili siku ile, nikasema nimekula moja. Mashine mimi sina. Nina pasi ya makaa ya marehemu mama yangu, nzito ya kuinuliwa na mwanamume.

Nikanunua mikate mitano, nikawasha makaa. Nyama nikaichambua kwenye mifupa kwa uma, nikaikata nyembamba, nikaikaanga upya na vitunguu, nyanya na pilipili. Zile ndizi nikaziponda, nikazipaka ndani ya mkate badala ya siagi. Kazi ilikuwa tamu, ila ilinitesa kwa jambo moja: kuonja siwezi. Miaka thelathini napika kwa ulimi, siku hiyo nilipika kwa macho. Chumvi ya jana imetosha? Imekolea? Nilizunguka ile sufuria kama mtu aliyefunga, namwaga mate tu.

Kisha nikafunga kila mkate kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, nikauweka juu ya ubao, nikaukandamiza kwa pasi. Jani likalia chwaa! Nilihesabu mpaka hamsini, nikageuza, nikahesabu tena. Nilipolifungua, mkate ulikuwa rangi ya dhahabu, umekuwa bapa, mafuta ya nyama yanachungulia pembeni. Harufu ikajaa ua mzima. Nikajisahau, nikajipigia vigelegele peke yangu.

Mume wangu alitokea mlangoni. Pua ndiyo iliyomwamsha.

"Hiyo ni ya nani?"

"Si ya kwako. Ni haramu."

"Si haramu," alisema polepole.

"Umekuwa shehe lini? Toka jikoni!"

Akatoka. Mkate wa kwanza ulikuwa umepinda, maana mkono ulikuwa haujazoea, nikauacha pembeni. Minne mizuri nikaipanga kwenye sahani yenye maua, nikafunika kwa kitambaa chake, nikaenda nikaiweka juu ya ukuta. Nikakohoa kama alivyokohoa yeye. Nikajificha nyuma ya pipa la maji nione. Jirani akaja. Alipoiona sahani alitabasamu, uso wote, akaibeba kwa mikono miwili akaingia nayo ndani. Kwa kweli tabasamu lile lilinichoma kidogo, nikajikaza.

Niliporudi jikoni nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kigoda changu, mkate uliopinda umebaki nusu.

"Yoo! Mungu wangu! Tema!"

Hakutema. Alifumba macho, akatafuna kwa raha zake, akameza. "Nimesema Bismillahi jana wakati wa kuchinja," alisema, "na leo nimesema tena wakati wa kula. Unataka niseme mara ngapi?"

"Jana ulichinja nini?"

"Huyu."

Nikakaa juu ya gunia la makaa. Akanieleza sasa, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kumkatiza. Pwani hakwenda. Jirani alimwita alfajiri kwa nyuma, akamwonyesha mbuzi yule yule aliyekula kitenge, jike lake la kuzaa, akamwambia: "Mchinje huyu. Nataka jirani yangu amle yeye mwenyewe, roho yake itulie." Akamwomba asiniambie mpaka nitakapokuwa nimekula, kwa sababu alitaka anisikie nikicheka ng'ambo ya ukuta.

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Mume wangu aliinua vidole vitatu. Mara tatu alijaribu, mara tatu nilimnyamazisha. Wanasema hasira hasara. Hasara yangu ilikuwa imeshafika mezani kwa mwenyewe, ya moto.

Sikuzunguka mlangoni. Umri wangu huu, na mwili wangu huu, nilipanda ukuta, nikaangukia ua wa pili kwa magoti, kanga ikabaki kwenye tofali. Nilimkuta jirani jikoni kwake, sahani iko magotini, kitambaa amekiweka begani. Sandwichi moja ameifungua na anaitazama ndani. Alikuwa ameshaijua nyama yake. Mtu aliyekatakata mbuzi wake jana hawezi kumsahau leo.

"Jirani," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "umenirudishia."

Nilikuwa nimetunga maneno pale ukutani. Niliyaacha huko huko. Nikamnyang'anya ile sandwichi mkononi, nikasema Bismillahi, nikauma. Mdomo umejaa, nikamwambia: "Nilidhani hukumwita. Nilidhani nyama haikuwa ya kwetu. Huyu mume wangu ameniambia sasa hivi."

Alinitazama nikitafuna. Alitazama magoti yangu yaliyochubuka. Kisha akauliza swali, bila hasira, na afadhali angenipiga.

"Miaka kumi na moja, dada. Ulidhani mimi nitakuletea kitu usichoweza kula?"

Nikaacha kutafuna. Nilitaka kusema ndiyo, nilidhani, kwa sababu ndivyo ningefanya mimi na hasira zangu. Lakini machozi yakaanza kunitoka, pua nayo ikafuata, pilipili ikachangia. Nikamwambia: "Lile neno la kambini. Nisamehe. Lilikuwa neno la kijinga, na nimelala nalo mwezi mzima." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema nisamehe kwa mtu mzima mwenzangu, na mume wangu anaweza kuapa.

Jirani aliweka sahani mezani, akavuta kigoda cha pili kwa mguu, akakipiga kwa kiganja ili nikae. Akachukua sandwichi yake, akauma, akatafuna kwa muda.

"Ile pasi yako imefanya kazi," alisema, akinionyesha alama ya ncha yake kwenye mkate. Kisha akaona mimi nimeshika yangu tu, nalia. "Kula kwanza, jirani. Aibu utaiona ukishashiba."

Nikala. Aibu niliiona kabla sijashiba.