Masale Uwanjani

Nilipanda mlimani siku ile kwa sababu moja tu: kushangilia, tena kwa hasira. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa kidato cha tatu, binti wa mkata miwa aliyehamia Moshi kutoka Kigoma. Mwaka uliotangulia shule ya mlimani ilikuja kucheza kwetu, mashabiki wakatukanana kwa makabila. Wao walituita watu wa kuja, sisi tukawaita wachoyo, mwisho jiwe la upande wetu likampasua kipa wao usoni. Sasa mkuu wa shule alikuwa ameshasema: ikizuka fujo tena, mechi baina yetu na wao ndiyo basi. Nami niliipenda mechi ile kuliko sikukuu.

Asubuhi tulipakiwa kwenye lori la miwa. Tukapita Mabogini kwenye mashamba ya mpunga, tukapita mjini, tukapita Kiboriloni tukiwaimbia watu wa sokoni, kisha barabara ikaanza kupanda. Baridi ikatuingia, tukasogeleana. Kule juu kahawa ilianikwa kila ua, na mpaka leo nikiisikia harufu ile naukumbuka ujana wangu mpaka nataka kulia.

Karibu na uwanja injini ilichemka, tukashuka kutembea. Shabiki hakosi tawi la kupunga, na kando ya migomba kulikuwa na ua wa majani marefu, mazuri. Tukayakata. Mwalimu wetu, mtu wa Songea, naye akakata lake.

Saa nane shule zote mbili zilisimama wima zikaimba wimbo wa taifa kwa sauti moja. Filimbi ikalia, na uzalendo ukaishia hapo.

Kipindi cha pili refa alitupa penalti. "Rudini kwenu, wakata miwa!" wenyeji wakaanza. Tukawaendea, majani juu, na matusi yetu midomoni. Vijana wawili wa kwao walikwisha kuinama kuokota mawe.

Mara kelele za upande wao zikakatika. Mama mmoja alivuka mstari wa chokaa, akanishika mkono wenye jani.

"Shikamoo, mama," nilisema kwa woga.

"Marahaba. Haya ni masale, mwanangu. Kwetu mtu akiyaleta anaomba msamaha, na aliyeletewa hakatai. Mimi ndiye mama wa kipa. Mmekuja kwa ajili ya lile jiwe?"

Nilitazama golini. Kovu la kijana lilionekana hata kwa mbali. Jiwe sikulirusha mimi, na jani nililikata kwa ajili ya kelele tu.

"Ndiyo, mama," nikasema, na kabla sijamaliza kutamka nikaona ni kweli.

Akalipokea jani kwa mikono miwili. "Basi, yameisha." Akawageukia wale vijana, akawaambia neno kwa Kichagga, wakayaacha mawe. Penalti ikapigwa, mwanawe akaidaka, nami nikajikuta nampigia makofi.

Baada ya mechi tulipewa mtori wa moto, wa ndizi na nyama. Mama yule alinijazia bakuli mara mbili, akaniuliza kama Kigoma nako kuna ndizi.

Jioni lori lilitushusha mlimani. Nilikuwa nimejifunza kwamba kuimba kama taifa moja ni rahisi. Kazi huanza wimbo ukiisha.

"Umetuaibisha," rafiki yangu aliniambia. "Umewapigia magoti wenye mlima wao."

"Sawa," nikamjibu. "Lakini mwakani tutapanda tena."

Na tulipanda.