Gari Alilotuchungia Jirani

Magari ya zamani hapa Brussels huuzwa pamoja na historia yake. Rangi ikipauka watu husamehe, kiti kikichanika mafundi wapo. Lakini mnunuzi akikuta pengo, asijue gari lilikuwa la nani na lilimtoka vipi mwenyewe, anaondoka zake. Mimi sikulijua jambo hilo hadi yule jirani yetu wa zamani alipokuja kwetu, mtaa wa Saint-Gilles, na maua mkononi, maua ya kumlainisha mama yangu.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la spoti, la viti viwili, rangi ya kijani, usukani upande wa kulia. Liliingia Mombasa kwa meli, likapanda treni hadi Kampala, na huko baba akalinunua kwa daktari Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Akaliendesha mwenyewe mpaka Bukavu. Kwetu usukani huwa kushoto, basi mtaani walimcheka kwamba amemkalisha mkewe kwenye nafasi ya dereva. Mama alivimba kichwa, akazidi kuwapungia mkono.

Vita vilipofika tulikimbia kwa miguu. Baba alimpa ufunguo jirani yetu, Mbelgiji aliyekulia Bukavu na kusema Kiswahili chetu sawa na sisi, akamwomba atuchungie gari. Jirani akalileta kwao Ulaya, akanyamaza. Sisi tukaja kuishi mji mmoja naye. Baba alimpigia simu hadi akachoka, na alikufa akiliulizia gari lile. Simsamehe mtu yule kwa hilo, wala sina mpango.

Sasa alikuwa amempatia gari mnunuzi, naye amekaa sebuleni kwetu, anakunywa chai yetu.

"Maman, useme tu kama mulinipatiaka ile gari. C'est tout," akasema, yaani tulimpa liwe lake, basi.

Nilitaka kumfukuza kwa maneno ambayo mama hajawahi kuyasikia kinywani mwangu. Mama akanikata jicho, akakubali kwenda kwa mnunuzi, "Bon. Tutakuya."

Sikuongea na mama njia nzima hadi kwenye gereji nyuma ya stesheni ya Gare du Nord. Niliona ameiuza heshima ya baba kwa shada la maua. Gari lilikuwa pale, linang'aa, dogo kuliko nilivyolikumbuka. Mnunuzi, bwana mpole mwenye miwani, alimwomba mama kwa adabu aeleze lilitoka vipi mikononi mwetu.

Mama anajua Kifaransa vizuri sana. Siku hiyo alichagua Kiswahili, akamgeukia jirani, ili aelewe yeye kabla ya wengine.

"Papa, aksanti sana kwa kutuchungia gari. Bwana yangu alikupatiaka funguo, na wewe ukaichunga muzuri. Alors, tumekuya kuichukula."

Shingo ya jirani ikawa nyekundu hadi masikioni.

"Anasema walinipa," akamwambia mnunuzi haraka haraka kwa Kifaransa.

"Hapana," nikasema. Nikatafsiri neno kwa neno, bila haraka, na lile la kuchunga nikalirudia ili lisimpite mtu. Sijawahi kufurahia kazi namna ile. Mnunuzi alivua miwani, akamuuliza jirani kama ni kweli. Jirani alimtazama mama kwa macho ya kuomba, macho ambayo baba angetoa chochote kuyaona.

Mama alimtabasamulia kama anavyomtabasamulia kila mgeni, akanyoosha mkono, kiganja juu, akisubiri ufunguo.