Viputo vya Bernice Wojcik

Bernice Wojcik aliandika maneno ya Mlinda Bandari, shujaa wa jarida letu la katuni, kwa miaka ishirini na sita, kwa mkono, kwenye meza iliyobanwa kati ya jokofu na dirisha la jikoni kwake Yonkers. Shujaa wetu alikuwa amesema "Simama hapo!" mara elfu kadhaa, na kila mara ni Bernice aliyeyaandika. Ukimwuliza anafanya kazi gani, anakujibu kwamba anapuliza viputo, kisha anakukaribisha kahawa isiyonyweka.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mwandishi alituma kisa, Sal Petrocelli akakichora kwa penseli huko Brooklyn, kurasa zikaenda kwa Bernice aweke viputo vya usemi na maneno ndani yake, kisha zikanifikia mimi, Artie Lund, nizipake wino. Kilichofunikwa na kiputo hakipakwi wino, na msomaji hatakiona kamwe. Shika hapo, maana kisa chote kiko hapo.

Kufikia mwaka 1996 jarida lilikuwa hoi. Zamani barua za wasomaji zilikuja kwa gunia. Siku hizo zilikuja tatu, moja ikiwa ya mwalimu mstaafu wa Ohio aliyetuandikia kwa mazoea tu. Maadui walewale, ghala lilelile linalolipuka, na shujaa aliyekuwa akirusha meli kwa bega sasa amesimama anahutubia, ukurasa mzima maneno.

Mhariri mpya, Renee Abbott, akatuita ofisini Manhattan. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na maneno hayamungunyi.

"Nimepewa matoleo sita," alisema. "Lisipochangamka, tunafunga. Hebu niambieni, huyu jamaa ni shujaa au mhubiri?"

Sal alicheka. "Kamwulize mwandishi, binti. Mimi nachora tu."

"Nimeshamwuliza. Toleo lijalo, kurasa nane za kwanza hazina neno hata moja. Nataka watu waone mchoro wako, Mzee Sal."

Sal alitoka pale kama bwana harusi. Bernice alinigeukia tulipokuwa kwenye treni.

"Artie, zile kurasa zitamuumbua."

Nilijua. Mikono ya Sal ilianza kutetemeka mwaka aliofiwa na mkewe, Connie, miaka tisa nyuma. Vidole alivyochora vikawa kama tangawizi. Bernice akasogeza kiputo kidogo tu, akafunika mkono mmoja. Mwezi uliofuata akafunika uso. Maneno yalipopungua kuliko makosa, alimpigia mwandishi simu kumwomba sentensi za ziada. Na mimi, mistari iliyosalia niliinyoosha kwa wino. Sal hakuambiwa. Hilo tuliliita heshima, Mungu atusamehe.

Wiki mbili baadaye kurasa nane zilifika, tukazitandaza kitandani kwa Bernice. Mlinda Bandari alikuwa anamwokoa mwanamke majini, na hukujua mkono upi ni wa nani.

"Unaweza kuzinyoosha?"

"Dada, hapa sinyooshi. Hapa nitakuwa nachora upya."

Bernice alivuta kutoka chini ya kitanda sanduku la nakala. Kumbe kila ukurasa wa Sal alikuwa anautoa nakala kabla hajaufunika.

"Vaa koti," alisema. "Twende kwake."

Sal alitufungulia akiwa na fulana. "Kulikoni? Posta wamegoma?"

Bernice hakuketi. "Sal, mikono yako imeharibika. Siku nyingi. Nimekuwa naifunika."

Alimwekea mezani nakala na majarida, ukurasa kwa ukurasa, ubavu kwa ubavu. Sal aliangalia taratibu, akilinganisha. Ningefurahi angetutukana mapema.

"Tangu lini?"

"Tangu Connie."

"Na wewe, Artie?"

"Nilijua."

"Miaka tisa!" Sauti ilimtoka nyembamba. "Kila mwezi nafungua jarida, naona mambo safi, najiambia, Sal, bado umo. Mngeniambia mwaka ule, ningelia wiki nzima, halafu ningemkabidhi huyu kwa mtu mwenye mikono mizima akiwa bado hai." Aligonga picha ya Mlinda Bandari kwa ngumi. "Mlinihurumia mimi, mkamuua yeye!"

"Niliogopa utajifia humu ndani," alisema Bernice.

"Hilo lilikuwa langu, Bernice. Halikuwa lako."

Watu wengi wanadhani katuni hufa kwa uvivu au tamaa. Yetu tuliiua kwa upole, mimi na mwanamke mwema kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na bado naona uchungu.

Kesho yake Sal alimpigia Renee mwenyewe akaacha kazi. Kurasa akapewa Inez Tafoya, msichana wa Albuquerque. Sal hakuongea nasi miezi miwili. Simu alikuwa anaikata akisikia tu pumzi ya Bernice.

Siwezi kukuapia kwamba jarida lilipona. Liliishi miaka minne zaidi, miwili ya kwanza mizuri, kisha likachoka tena. Lakini kurasa za kwanza za Inez zilipofika Yonkers, Bernice alizitazama asubuhi nzima bila kufungua wino, kisha akanipitia twende Brooklyn.

Sal alifungua mlango bila salamu, akazipokea, akakaa nazo karibu na dirisha. Mlinda Bandari alikuwa anazama kwenye maji meusi, anaogopa, uso umemvimba, mikono inapapasa. Kurasa nane, bila neno.

"Amerudi," Sal alisema, akajifuta macho kwa kiwiko. "Mshenzi huyu amerudi."

"Ukurasa wa tisa una neno moja," Bernice alisema. "Amempata mwanamke, anamwuliza, 'Umeumia?' Sijui niliweke wapi. Kila mahali pana kitu."

Sal alinyoosha kidole. Kilitetemeka vibaya, kikatoka angani kikaenda majini, kikapita usoni kwa yule mwanamke, kikarudi. Nilitaka kukishika. Bernice alinikanyaga mguu, tukangoja, mpaka kidole kikatua kwenye kipande cha anga jeusi, juu pembeni kabisa.

"Hapa," alisema. "Hapa hutamfunika mtu."